Usiguse

Katika makumbusho yote niliyowahi kuingia, chombo ninachokikumbuka zaidi ni kile kibao kidogo kilichoandikwa USIGUSE. Sina ugomvi na kibao chenyewe, maana vitu vya kale huharibika. Ugomvi wangu ni na tabia inayozaliwa nacho, ya kukataza hata swali lisiguse.

Mwaka mmoja niliongozana na wanafunzi wa kidato cha pili kutoka Singida kwenda kutazama makumbusho ambayo sitayataja jina. Wazazi walikuwa wamechanga nauli kwa fedha za alizeti na za kuku, hivyo hatukwenda kutembea tu. Tulisimama mbele ya nakala ya fuvu la Zinjanthropus. Maelezo yalikuwa sahihi kabisa: lilipatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, aliyeliona ni Mary Leakey, na umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Watoto wakaandika. Ndipo msichana mmoja wa upande wa Mkalama akanyoosha mkono. "Samahani baba, hiyo miaka waliihesabuje?"

Mwongozaji, mtu mpole aliyechoka, akasema wataalamu wana mashine zao, kisha akatuomba tusogee kwa kuwa kundi jingine lilikuwa likingoja. Binti akanigeukia mimi. Nami mwalimu wake nikamwambia aandike kama alivyoambiwa.

Jibu nililipata baadaye, na si gumu kiasi cha kumnyima mtoto wa kidato cha pili. Kilichopimwa si fuvu, bali majivu ya volkano ya tabaka lililokutwa nalo. Majivu hayo yana potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Volkano inapochemka gesi hutoroka. Vitu vikipoa, gesi inayozaliwa hunaswa ndani. Chukua mtungi unaovuja juu ya bakuli: ukijua kasi ya matone, ukapima na maji yaliyomo bakulini, utajua umevuja tangu lini.

Matokeo ya kipimo hicho yalitangazwa mwaka 1961. Utamu wake ni kwamba Louis Leakey mwenyewe, mume wa Mary, alikuwa amekisia miaka kama laki sita tu. Bingwa alikosea, tena kwa zaidi ya miaka milioni moja! Na hakukosea peke yake. Kwa sababu ya magego yake makubwa, kiumbe yule alibandikwa jina la Mbangua Kokwa. Uchunguzi wa mikwaruzo ya meno ya jamaa zake, uliochapishwa mwaka 2008, haukuona dalili za kutafuna vitu vigumu, na ule wa kemia ya meno wa mwaka 2011 ulionyesha chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi au mimea ya jamii ya ndago. (Sisi wa Singida tunayo Ndago yetu kule Iramba, na watoto wangu wangeicheka habari hii hadi nyumbani.)

Haya ndiyo niliyotamani kuyakuta ukutani. Fuvu bila habari ya jinsi watu walivyokisia, wakapima, wakajisahihisha, ni mfupa wenye namba. Mtoto huikariri namba ile kama anavyokariri majina ya mito, na akisahau hajapoteza kitu.

Wapo waliokwenda upande wa pili. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium huko San Francisco, mahali ambapo mgeni hualikwa kushika, kuzungusha na kujaribu. Naliheshimu wazo hilo, ingawa nalo lina hatari yake: mtoto aweza kubonyeza kitufe, taa ikawaka, akakimbilia kingine bila kujiuliza lolote. Mkono kushughulika si lazima akili nayo ishughulike. Lakini afadhali huyo kuliko yule aliyeambiwa asogee.

Kinachoniuma zaidi kiko nyumbani. Katika uwanda wa Singida kuna mahali paitwapo Mahenge, si ile ya Ulanga. Miaka kama milioni 46 iliyopita volkano ndogo ilipasuka hapo, mwamba wake ukiwa wa jamii ya ule wenye almasi huko Mwadui, na shimo lililobaki likawa ziwa. Matope ya ziwa yalihifadhi samaki, chura, majani, hata popo. Samaki mmoja wanasayansi walimpa jina la Singida mwaka 1967. Chura, mwaka 2005, wakamwita Singidella. Popo alitangazwa mwaka 2003 kwa jina la Tanzanycteris. Nilifundisha mkoani humu miaka mingi bila kukutana na mwanafunzi aliyeyasikia majina hayo, na mimi mwenyewe niliyajua nikiwa nimekwisha kustaafu. Jina la mkoa wetu linasomwa katika majarida ya ng'ambo, na sisi wenye jina hatuna habari.

Sidai jumba la ghorofa. Chumba kimoja cha shule kingetosha, chenye mawe ya kushikwa, nakala ya samaki yule, na mtungi unaovuja juu ya bakuli.

Yule binti nilikutana naye miaka mingi baadaye, akiuza vitenge sokoni Singida mjini. Akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," akanivutia kigoda. Nikamwambia nina deni lake, nikamweleza habari za mtungi na matone. Alisikiliza huku akikunja kitenge, kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, kasi ya matone yenyewe waliijuaje?"

Nikasogeza kigoda, nikaanza upya.