Misitu ya Kibaha na Kisarawe Mbele ya Kongamano: Namna Takwimu za Msituni Zinavyofanywa Kuwa Hoja

Mtafiti chipukizi wa ikolojia anayetaka kuwasilisha kazi yake katika kongamano la nje ya nchi hupimwa kwanza kwa ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti ambao kamati ya kongamano huusoma miezi kadhaa kabla ya mkutano ili kuamua nani apewe nafasi ya kuzungumza, nani atundike bango, na nani akose vyote viwili. Wengi wa wanaoisoma ikisiri hiyo hawajapata kulisikia jina la Kisarawe wala la Kibaha, wilaya mbili zilizo jirani na Dar es Salaam, na kwa hiyo orodha ya miti iliyohesabiwa katika msitu wa Ruvu Kusini, hata ikiwa imekusanywa kwa uangalifu mkubwa, haiwaambii lolote mpaka iwe imefungamanishwa na swali ambalo mtafiti wa Brazili au wa Malesia naye anaweza kuliuliza kuhusu msitu wake. Swali hilo huundwa kabla ya kuingia msituni, na mtafiti anayelitafuta baada ya kurudi na madaftari yaliyojaa huwa amechelewa.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni utafiti wa Antje Ahrends na wenzake, wakiwamo Neil Burgess, Boniface Mhoro na Simon Lewis, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Badala ya kueleza hali ya kila msitu peke yake, watafiti hao walizipanga takwimu zao kwenye transekti, yaani mstari wa kuchukulia sampuli, iliyoanzia kilomita 10 na kuishia kilomita 220 kutoka Dar es Salaam, kisha wakalinganisha hali ya mwaka 1991 na ile ya mwaka 2005. Nyuma ya mpango huo kulikuwa na wazo la kale la kiuchumi, ambalo Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alilieleza mwaka 1826, kwamba matumizi ya ardhi hujipanga kwa miduara kuuzunguka mji kulingana na bei ya zao na gharama ya kulifikisha sokoni. Gunia la mkaa hujaza nafasi kubwa na bei yake ni ndogo, hivyo haliwezi kulipia safari ndefu, ilhali gogo la mninga au la mkongo huweza kuilipia. Ilitarajiwa basi kwamba wavunaji wa mbao za thamani wangetangulia mbali, na wachoma mkaa wangefuata nyuma, karibu zaidi na jiji.

Matokeo yaliyathibitisha matarajio hayo, kwa kuwa uvunaji wa mbao za thamani kubwa ulisogea kwa kilomita 9 kila mwaka na uchomaji mkaa kwa kilomita 2, jambo ambalo kwa miaka 14 ni takriban kilomita 126 kwa mbao na 28 kwa mkaa. Aidha, kila kilomita moja ya kwenda mbali na jiji iliambatana na ongezeko la tani 0.2 za kaboni kwa hektari na la spishi 0.1 za miti kwa kila eneo la sampuli la hektari 0.4. Tarakimu ndogo za namna hii hupotea masikioni mwa wasikilizaji, na hapa ndipo ufundi wa mzungumzaji unapohitajika, kwani akisema kwamba kilomita 100 zaidi kutoka jijini zina maana ya tani 20 za kaboni katika kila hektari na spishi 10 katika kila eneo la sampuli, ukumbi mzima humwelewa bila yeye kuongeza takwimu yoyote mpya. Pugu na Kazimzumbwi, misitu ya Kisarawe iliyo kando kabisa ya jiji, huacha hapo kuwa majina ya ugenini na huwa upande wa ndani wa mduara unaofahamika.

Udhaifu wa mbinu hiyo ya transekti unafaa kusemwa na mwasilishaji mwenyewe kabla ya kuulizwa. Dar es Salaam ni mji mmoja, na maeneo ya sampuli, hata yakiwa mengi kiasi gani, hayageuki kuwa miji mingi, kwa hiyo anayetaka kusema jambo kuhusu miji ya Afrika kwa jumla hana budi kulinganisha na mji wa pili. Umbali nao una utata wake, maana mkaa hausafiri kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Kibaha iko kwenye barabara kuu ya lami iendayo Morogoro, ilhali vijiji vya ndani vya Kisarawe, kama vile vya upande wa Maneromango, vina mazingira mengine kabisa ya usafiri, na sehemu mbili zilizo sawa kwa kilomita zinaweza kutofautiana sana kwa gharama ya kulifikisha gunia sokoni. Msitu wa Ruvu Kusini, unaoingia katika wilaya zote mbili, unampa mtafiti kijana nafasi adimu ya kulipima jambo hilo, na kwa maoni ya safu hii swali hilo lina uzito wa kutosha kubeba ikisiri nzima.

Uchaguzi wa kongamano hufuata swali na mfuko. Chuo Kikuu cha Cambridge kimekuwa kikiandaa tangu mwaka 2000 kongamano la sayansi ya uhifadhi lililokusudiwa wanafunzi na watafiti wachanga, lakini mikutano mikubwa huja pia karibu na nyumbani, kama Jumuiya ya Biolojia na Uhifadhi wa Tropiki ilivyokutana Antananarivo mwaka 2019 na wanabiolojia wa uhifadhi walivyokutana Kigali mwaka 2023, mji ambao Mtanzania huuingia bila viza. Anayekwenda nchi za eneo la Schengen hutakiwa kuwa na bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000, na kwa kawaida maombi yake ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya kuondoka, hivyo barua ya kukubaliwa kwa ikisiri inapochelewa, safari nzima huwa hatarini.

Kwa takwimu za mkaa, bango mara nyingi hufaa kuliko hotuba, kwa sababu ramani inataka muda wa kutazamwa na mazungumzo ya ana kwa ana. Kuna mambo mawili, hata hivyo, yasiyopaswa kuonekana juu yake. La kwanza ni mahali kamili walipo viumbe walio hatarini, kama komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku ambaye ameshapatikana katika misitu hii, au miti ya mpingo iliyosalia. La pili ni nyuso za wachoma mkaa, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa kazi hiyo, na mtu aliyekubali kupigwa picha kando ya tanuri lake hakukubali kuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Ramani ya bango ichorwe basi kwa miraba mipana ya kilomita kadhaa, na picha zionyeshe tanuri, magunia na visiki.