Grafu ya Kwadratiki Hukata Mhimili Mara Ngapi?

Mwanafunzi akiulizwa grafu ya y = x² − 10x + 21 inakata mhimili wa x mara ngapi, hukimbilia karatasi ya grafu. Hana haja. Jibu limo ndani ya namba tatu: a = 1, b = −10 na c = 21.

Kwenye mhimili wa x, y ni sifuri. Tukamilishe mraba: nusu ya 10 ni 5, mraba wake 25, kwa hiyo y = (x − 5)² − 4. Mraba hauwi hasi kamwe, basi ncha ya grafu, sehemu yake ya chini kabisa, iko pale x = 5, uniti 4 chini ya mhimili. Kutoka hapo mikono yote miwili inapanda, na kila mmoja lazima uukate mhimili: mmoja kwenye 3, mwingine kwenye 7.

Sasa tubadilishe c peke yake. Ikiwa 25, grafu nzima inapanda uniti 4; inaugusa mhimili kwenye 5 na kugeuka juu bila kuuvuka. Ikiwa 30, ncha inabaki uniti 5 juu ya mhimili, wala haigusi popote.

Al-Khwarizmi wa Baghdad aliyajua haya katika karne ya 9, bila grafu yoyote. Alipotatua x² + 21 = 10x alieleza kwamba mraba wa nusu ya 10 ukiwa mdogo kuliko ile namba iliyojumlishwa na x², jibu hakuna; vikilingana, jibu ni hiyo nusu yenyewe.

Leo tunaandika D = b² − 4ac, mradi a si sifuri. D ikiwa chanya, grafu inakata mara mbili. Ikiwa sifuri, inagusa mara moja. Ikiwa hasi, haifiki. Mifano yetu inatoa 16, 0 na −20. Kimo cha ncha ni −D/4a, yaani −4, 0 na 5, vilevile tulivyoona.

Wengi hukosea alama c inapokuwa hasi. Kwa x² − 10x − 24, D ni 100 + 96, yaani 196, wala si 4. Tena hapa hesabu si lazima: c ndipo grafu inapokata mhimili wa y. Grafu iliyo chini pale x = 0, na mikono yake inapanda, itakata mara mbili tu.

Walimu, tuanze na ncha, kisha D. Mwanafunzi aliyeona kimo cha ncha ataijenga kanuni mwenyewe hata akiisahau.