Giza Lililoachwa Ubaoni

Käthe Kollwitz, msanii wa Berlin, alifiwa na mwanawe Peter vitani Ubelgiji, Oktoba 1914. Kijana alikuwa na miaka 18, na mama mwenyewe ndiye aliyemsihi baba atoe idhini ya kujiunga na jeshi. Miaka ikapita akijaribu kuutoa msiba huo kwa chapa za bati na za jiwe, asiridhike. Mwaka 1920 aliziona chapa za ubao za Ernst Barlach, naye akashika patasi. Mfululizo wake wa chapa 7, “Vita”, ulitoka 1923.

Kwa nini ubao? Kwenye bati, mstari uliochimbwa ndio unaoshika wino. Ubaoni ni kinyume: palipochimbwa hubaki peupe, na wino hukaa pale chuma hakikupita. Fundi wa milango ya kuchonga hapa Tibirinzi, Pemba, hahitaji kuelezwa. Yeye huchimba kando ya ua ili ua lisimame.

Katika mfululizo huo, itazame chapa ya “Wazazi”. Baba na mama wamepiga magoti, wamekumbatiana hata hujui bega la nani linaishia wapi. Mama kaficha uso, baba kajifunika wake kwa kiganja. Bingwa huyu wa kuchora nyuso katunyima zote mbili, na uchungu ukahamia migongoni na mikononi. Nguo zao ni donge moja jeusi, lenye mikato michache tu ya kuonyesha mikunjo. Nyuma yao hamna kaburi wala bunduki, ni karatasi tupu. Jaribio la mwanzo alilikataa: aliliona jeupe mno, wazi mno, ilhali uchungu ni giza. Kifundi, maana yake alichimba kupita kiasi, na mti ukishatoka haurudi.

Sisi Pemba tuna msiba wa meli ya MV Spice Islander I, iliyozama ikija huku usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011. Fundi wetu akitaka kuuchonga, mkono utamvuta kwenye meli na mawimbi. Ningemwomba aviache. Achonge waliokuwa wakingoja habari bandarini, mabuibui na kanzu zilizosongamana, nyuso zimeinama, patasi ipite kidogo tu. Nyuso zisipoonekana, hata anayesita kutundika sura ya mtu ukutani huenda akaipokea. Na ubao mmoja hutoa nakala nyingi, za kuzifikia nyumba zilizokosa hata maiti ya kuzika.