Maneno ya Barazani juu ya Simu

Mtu akitaka kujua watu wa pwani yetu wafikiri nini juu ya simu, haimlazimu kwenda mbali. Na aketi jioni barazani Kilwa Masoko, au ufukweni Kivinje, au chini ya mwembe penye wakala wa fedha katika kijiji chochote cha njia iendayo Lindi. Kabla jua halijachwa atakuwa amesikia hukumu nyingi kuliko zitolewazo mahakamani kwa mwezi mzima: simu hii ni nzima, ile ni takataka, mtandao umekatwa kwa makusudi, fedha ya simu ni hewa, WhatsApp ni ya bure. Sisi tulio walimu huketi pamoja nao, na mara nyingi hubishana nao. Leo twataka kuyapima maneno hayo, kwa kuwa tumeona ya kwamba yapo yaliyo kweli ambayo wasemaji hawajui kwa nini ni kweli, na yapo yaliyo uongo ambayo watu wayashika kama urithi wa babu zao.

Ugomvi ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa Tecno na Infinix. Mwenye Tecno humcheka mwenziwe kwa betri, mwenye Infinix humcheka huyu kwa kamera, na mwenye itel hunyamaza kwa kuwa yake ni kitochi. Tumeona vijana wawili, tena ndugu wa ukoo mmoja, karibu waache kusalimiana kwa ajili ya jambo hili. Basi na wajue ya kuwa simu hizo tatu ni za baba mmoja na mama mmoja: zote hutoka katika kampuni ya Transsion ya mji wa Shenzhen huko Uchina. Ashindaye katika ugomvi huo ni mwenye duka. Hatuna zaidi la kusema.

Wazee nao husema, "Simu za zamani zilikuwa imara, hizi zimetengenezwa ili zife." Vijana huwacheka, lakini sisi hatuwacheki. Mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri ya kuwa programu yake ilizipunguzia mwendo simu zenye betri iliyochakaa, ikisema ya kwamba ilifanya hivyo ili zisizimike ghafula; na mwaka 2020 ilikubali kulipa hata dola milioni 500 ili kumaliza madai ya wateja wake wa nchi ile. Kwetu sisi sababu mara nyingi ni nyingine. Chumvi ya bahari huila simu, vumbi huiingia. Lakini zaidi ya hayo, simu yaweza kuwa nzima, kioo kizima, betri nzima, nayo imekufa. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Mwenye simu ya namna hiyo hakuiangusha wala hakuilowesha. Ameamka asubuhi akakuta mlango umefungwa na watu asiowajua. Jembe lilifika mwisho wake lilipochakaa mkononi mwa mkulima, naye aliona kwa macho yake. Simu mwisho wake huamriwa mbali. Katika jambo hili twasimama upande wa wazee.

Juu ya kukatika kwa mtandao hatuwezi kusimama upande mmoja. Mwezi wa Mei 2024, tarehe 4, tufani ya Hidaya ilitupiga, mvua ikaharibu barabara yetu ya Dar es Salaam huku Somanga, nasi tukawa kama watu wa kisiwa. Halafu tarehe 12 ya mwezi ule ule intaneti ikapotea karibu nchi nzima. Barazani wengine walisema ni ile tufani, wengine wakasema kampuni zimefunga ili tununue vifurushi upya. Wote walikosa. Intaneti yetu nyingi huja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na mbili kati ya hizo, Seacom na EASSy, zilikatika siku moja huko kusini, upande wa Afrika Kusini. Wavuvi wetu hupita juu ya bahari ile ile izichukuayo nyaya hizo, wala hawajui. Walakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchini kwa siku kadha, na mara ile waliosema umefungwa walisema kweli. Neno moja, basi, lilikuwa uongo mwaka mmoja na kweli mwaka uliofuata. Aliyelishika siku zote bila kupeleleza hakustahili sifa mara ya pili, kama vile hakustahili mara ya kwanza.

Sasa tuje kwa wale wasemao ya kuwa fedha ya simu ni hewa. Neno hili twalisikia mno wakati wa korosho, wakala anapoishiwa fedha taslimu na mkulima mwenye laki tano katika simu akarudi nyumbani na mkono mtupu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 watu wamelisema, na bado walisema huku wakiitumia. Sisi twajibu kwa kuwakumbusha watu wa Kilwa mambo ya kwao. Masultani wa Kisiwani walipiga fedha zao wenyewe, nazo nyingi zilikuwa za shaba, ndogo, zenye jina la mfalme upande mmoja na maneno ya kumtaja Mungu upande wa pili. Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, ilionekana Zimbabwe Kuu. Na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Je, kipande kile cha shaba kilikuwa na thamani gani chenyewe? Kidogo sana. Twadhani watu walikipokea kwa sababu ya jina lililokuwa juu yake, na kwa sababu walijua ya kwamba jirani naye atakipokea. Fedha ya simu ni hivyo hivyo, ila jina limeandikwa katika kompyuta badala ya shaba. Na sheria ya mwaka 2015 yataka kila shilingi iliyo katika simu iwe na shilingi mwenziwe imewekwa amana benki. Ukikosa fedha kwa wakala, lililokosekana ni noti za wakala. Shilingi yako ipo.

Hata hivyo watu humlaumu wakala kwa kila jambo. Serikali ilipoweka tozo ya miamala tarehe 15 Julai 2021, mawakala wengi walitukanwa, na hali fedha ile haikuwa yao wala ya kampuni. Mtu akikasirika yafaa ajue kwanza amkasirikie nani. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule bei mpya za vifurushi zilipotokea, watu walilalamika kwa sauti moja na mahali palipostahili, nazo zikasimamishwa.

Mnada nao una maneno yake. Tangu mwaka 2024 ufuta na korosho za mikoa yetu huuzwa kwa mnada wa kompyuta wa Soko la Bidhaa, ndilo liitwalo TMX. Kabla ya hapo barua za wanunuzi zilitiwa sandukuni, zikafunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa. Sasa watu husema, "Kompyuta imeshusha bei." Kompyuta haijui kushusha wala kupandisha, hupokea bei walizoandika wanunuzi na kuzipanga. Ufuta wetu mwingi huenda Uchina, na korosho ghafi India na Vietnam, nao wakiwa na shehena ya kutosha, hata sanduku la mbao lingetoa bei ndogo. Lakini hatupendi kumwita mkulima mjinga kwa shaka yake. Zamani aliona barua ikipasuliwa kwa mkono; leo aona kioo. Viongozi wa vyama vya msingi wasiowaeleza wanachama ni nani aliyeandika bei gani, nao wana sehemu yao katika uvumi huo.

Sasa tumefika kwenye neno ambalo kwa ajili yake tumeandika haya yote, nalo ni neno "bure". WhatsApp ni bure, Facebook ni bure, programu ya picha ni bure, programu ya mikopo ni bure kupakua. Neno hili halibishaniwi barazani. Watu wote wamelikubali, ndiyo maana twaliogopa.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la sita. Mwezi wa Februari 2014 Facebook ilitangaza ya kuwa itainunua WhatsApp kwa dola kama bilioni 19. Wakati ule watu walioitumia walikuwa kama milioni 450. Gawanya: ni dola 42 kwa kila kichwa. Nani mwenye akili atoaye dola 42 kwa ajili ya mvuvi wa Songo Songo asiyemlipa kitu? Zamani WhatsApp ilitoza dola moja kwa mwaka, na Januari 2016 hata hiyo ikaondolewa. Mfanyabiashara aliyenunua kwa bilioni 19 akafuta bei ya dola moja hakupatwa na wazimu. Mapato ya kampuni ile karibu yote hutoka kwa wenye matangazo, walipao ili bidhaa zao ziwafikie watu fulani kwa wakati fulani; kwa hiyo kilicho na thamani ni kujua watu: ni nani, wako wapi, wajuana na nani, wapenda nini. Wapo wasemao ya kuwa kampuni yasoma barua zetu. Hilo si kweli. Tangu Aprili 2016 barua za WhatsApp zimefungwa kwa namna ambayo awezaye kuzisoma ni mwandikaji na mwandikiwa tu. Lakini tarishi asiyefungua bahasha bado ajua ni nani amwandikiaye nani, na mara ngapi.

Hatusemi watu waache WhatsApp. Sisi wenyewe twaitumia, na habari za misiba na za harusi hutufikia kwa njia hiyo. Twasema tu ya kuwa waliopatana bei bila kuijua hawakupatana.

Na ubaya wa jambo hili huonekana kwa mikopo. Jirani yetu mmoja, mvuvi wa pweza, mtu mwenye adabu na watoto wanne shuleni, alihitaji fedha za sare mwezi wa Januari. Akapakua programu ya mikopo kwa kiungo alichotumiwa. Programu ikamwuliza maneno kwa Kiingereza kirefu, naye akabonyeza "Ruhusu" kila mahali, kama sote tufanyavyo. Aliomba shilingi 50,000. Alipokea 40,000, nyingine zikakatwa kwa jina la ada. Akatakiwa alipe 54,000 baada ya siku saba. Yaani kila shilingi 100 aliyoitia mkononi ilizaa 35 kwa juma moja. Kwa lugha ya watu mikopo hii huitwa kausha damu, na jina halikukosea. Bahari ilichafuka, hakupata kitu, siku ya nane ikapita. Siku ya tisa barua ikawafikia watu waliokuwa katika kitabu cha majina cha simu yake: mwalimu mkuu, mwenye duka, fundi wa mashua, na mkwewe. Iliandikwa ya kuwa fulani ni mwizi, amekimbia deni, na kwamba wao wamtajwao wampe onyo. Mkwe wake hakumwambia neno. Alikuja tu kumchukua binti yake "akapumzike nyumbani kidogo", naye alikaa huko muda wa miezi miwili.

Barazani watu walimlaumu jirani yetu kwa kukopa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza programu ilipataje namba ya mkwe. Aliitoa yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, alipobonyeza "Ruhusu"; na huyo mkwe, ambaye namba ni yake, hakuulizwa. Hapo ndipo twalaumu baraza zetu. Zina nguvu ya kubishana usiku kucha juu ya kamera, na juu ya kitufe kile hazina la kusema.

Wenye mamlaka hawakulala kabisa. Tangu Mei 2023 Google imekataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha za mkopaji. Na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Lakini ile ya jirani yetu haikutoka dukani, ilikuja kwa kiungo, na kiungo hakina mlinzi.

Msomaji mwenye simu ya Android na afanye jambo hili leo hii. Afungue Mipangilio, aingie penye Programu, aguse jina la kila programu aliyoipakua, kisha aguse Ruhusa. Ataona mahali palipoandikwa Anwani, yaani majina ya watu wake. Programu ya tochi au ya mchezo ikiwa imeruhusiwa kuyasoma, na aikataze. Ile ya jirani yetu tuliifuta pamoja naye, baada ya deni kulipwa lote kwa mauzo ya pweza wa bamvua mbili. Majina yaliyokuwa katika simu yake yalikuwa 312, nayo yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa.