Bunduki Nyepesi kwa Miinuko ya Kibondo na Kasulu: Punguza Risasi Kwanza

Mwindaji mwenye kibali anayefuata nyayo za korongo au pofu kuteremka kuelekea mabonde ya Moyowosi hutumia miguu zaidi kuliko kidole. Hutoka alfajiri, hupanda, hushuka, huvuka mbuga zenye maji, na bunduki iko naye hatua zote hizo. Kufikia saa saba mchana kila gramu imeshajitambulisha. Ndiyo sababu bunduki ya chini ya kilo tatu huwavutia watu wengi. Lakini wepesi huo una bei, na bei yake hulipwa begani wakati wa kufyatua. Bega likishaogopa, anayelipa zaidi ni mnyama, kwa kuondoka na jeraha badala ya kuanguka. Hoja ya uchambuzi huu ni moja: anayetaka bunduki nyepesi apunguze kwanza nguvu ya risasi, ndipo apunguze uzito wa bunduki.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo inayoamua. Kasulu ina vilima vya Uha, vyenye miteremko mikali na mashamba yaliyopanda hadi vileleni. Kutoka Kibondo kwenda mashariki na kusini, nchi inashuka na kuingia kwenye miombo, kisha kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi (Muyovozi ni Moyowosi kwa tahajia nyingine), eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Huko ndiko kwenye nzohe wa mafunjo, nyamera wa mbuga, palahala na nyati. Ndani ya miombo miti hukata macho, na msimu unapofunguliwa Julai nyasi nyingi bado zimesimama. Mnyama huonekana ghafla, mara nyingi ndani ya mita 150, na nafasi ya kupiga hudumu sekunde chache. Mazingira hayo hayadai risasi ya kasi kubwa ya kuvuka mita 400. Yanadai bunduki inayopanda begani haraka na mtu asiyeiogopa.

Sasa hesabu. Baruti inapowaka, kichwa cha risasi na gesi husukumwa mbele, na bunduki husukumwa nyuma kwa msukumo uleule. Nguvu ya teke hupatikana kwa kuzidisha msukumo huo kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa uzito wa bunduki mara mbili. Maana yake kwa mnunuzi ni hii: ukibaki na risasi ileile na ukaitoa bunduki kwenye kilo 3.6 hadi kilo 2.7, umepunguza robo ya uzito lakini umeongeza theluthi nzima ya teke. Kasi ya kitako kuja begani nayo huongezeka kwa theluthi. Kasi hiyo ina uzito wake katika jambo hili, kwa sababu teke la haraka huumiza na kushtua kuliko teke la polepole lenye nguvu ileile.

Chukua risasi ya .308 Winchester yenye kichwa cha gramu 9.7 kinachotoka kwa mita 860 kwa sekunde. Katika bunduki ya kilo 3.5 teke lake ni jouli 24 hivi. Katika bunduki ya kilo 2.7 linakaribia jouli 31. Risasi ya 7x57 yenye kichwa cha gramu 9 kwa mita 800 kwa sekunde, katika bunduki ya kilo 3.2, hutoa jouli 20 tu. Kisha itazame .375 H&H, iliyoanza mwaka 1912: kwa bunduki ya kilo 4.2 ni jouli 52 hivi, na ukiilazimisha kwenye bunduki ya kilo 3.4 inafika 65. Hapo wawindaji wengi huanza kufumba macho.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa jambo hili. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kujulikana kwa jina la Karamojo kutokana na kuwinda kwake Karamoja, Uganda, aliishi zama ambazo wawindaji wa tembo walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Bunduki ya .577 ilikuwa na uzito wa kilo sita hivi, na hata kwa uzito huo teke lake lilizidi jouli 110. Bell alichagua kinyume. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser iliyopewa jina la Kiingereza, akitumia vichwa vigumu vya gramu 11 hivi. Teke lake lilikuwa chini ya moja ya tano ya lile la .577.

Alifanikiwa vipi? Bunduki ndogo haikumpa miujiza. Kwanza, alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Pili, alitumia vichwa vigumu visivyopinda wala kupasuka kwenye mfupa, vyenye urefu uliovisaidia kwenda moja kwa moja. Tatu, alijizoeza kulenga mara kwa mara bila kufyatua risasi, mpaka kuinua bunduki kukawa tabia ya mwili. Teke dogo ndilo lililomwezesha kuyatumia hayo yote, kwa sababu hakuwa na hofu ya kupambana nayo wakati wa kubonyeza.

Kuna mambo mawili ya kutochukua kwake. Tembo zaidi ya 1,000 waliokufa kwa mkono wa mtu mmoja, kwa ajili ya pembe, ni hesabu inayouma, na hakuna anayeipenda nchi hii atakayetamani kuirudia. La pili ni la kisheria: kwa nyati na tembo, kanuni za uwindaji nchini Tanzania zinadai kipenyo kisichopungua .375. Kanuni hiyo ina busara. Bell alichagua mnyama aliyetulia na upande wa kumpigia. Anayekutana na nyati aliyejeruhiwa ndani ya matete ya Malagarasi hachagui chochote.

Kwa hiyo uchaguzi unagawanyika kwa mnyama. Kwa tohe, pongo, ngiri, nyamera na hata korongo, risasi za daraja la 7x57, 7mm-08 au .308 zinatosha kabisa kwa umbali wa miombo, mradi kichwa kiwe kizuri na kipigwe mahali pake. Bunduki ya risasi hizo iwe kati ya kilo 3.2 na 3.6 ikiwa tayari kwa kazi, yaani pamoja na darubini, mkanda na risasi ndani. Wengi hudanganyika hapa: huhesabu uzito wa bunduki tupu iliyotajwa dukani, kisha hufunga juu yake darubini kubwa ya zaidi ya nusu kilo. Darubini ndogo ya kukuza mara moja hadi nne inatosha porini na hupunguza uzito, ingawa teke nalo huongezeka kidogo. Mtutu wa sentimita 55 ni urefu mzuri. Mtutu mwembamba sana hupata joto baada ya risasi chache na shabaha ikaanza kuhama.

Kwa nyati, sahau wepesi. Bunduki ya .375 isishuke chini ya kilo nne, na kama miguu haiwezi kuibeba, kinachohitajika ni mazoezi ya miguu.

Baada ya uzito, angalia umbo. Kitako kilichonyooka hurudisha nguvu moja kwa moja begani. Kilichoinama sana huinua mtutu na kumpiga mtu shavuni. Urefu wa kitako ulingane na mkono wa mwenyewe, na sehemu inayogusa bega iwe pana, yenye mpira laini, ili nguvu isambae. Darubini ikae mbali na jicho, sentimita tisa au kumi. Vilima vya Kasulu vina hatari yake hapa: ukipiga kuelekea juu, kichwa husogea mbele bila kujua, na darubini hukata nyusi. Kulala kifudifudi nako huongeza maumivu, kwa sababu mwili hauna nafasi ya kurudi nyuma. Ukisimama na kuegemeza bunduki kwenye fito tatu, kiwiliwili huyumba kidogo na kumeza teke.

Breki ya kufunga kwenye mdomo wa mtutu hupunguza teke kweli, lakini hutupa mlio pembeni na nyuma. Bunduki ya kawaida tayari hutoa mlio wa desibeli 160 hivi, juu sana ya kiwango kinachoharibu sikio. Mfuata nyayo aliyesimama hatua mbili kando yako ndiye anayebeba ziada hiyo, wala hakuulizwa. Kwa maoni yangu, breki ibaki kwenye uwanja wa mazoezi, na hata huko kila aliyepo avae vizuia mlio.

Masikio yakilindwa, hofu nayo hupungua, kwani sehemu kubwa ya mshtuko huingia kwa sauti. Dalili za hofu ni kufumba macho, kukaza bega na kuvuta kifyatulio kwa nguvu kabla ya wakati. Kuna njia rahisi ya kuigundua: mwenzako akupakie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ya mazoezi isiyo na baruti. Ukifyatua ile isiyo na baruti na mtutu ukachovya chini, mkono wako umeshajifunza kuogopa. Dawa ni kurudi kwenye risasi ndogo, kama .22, na kubonyeza kwa upole mara nyingi; kisha risasi chache za bunduki kubwa, na kuacha kabla bega halijauma. Ulegevu haufai pia. Kichwa cha risasi kinapotoka mtutuni, bunduki nyepesi imeshasogea nyuma milimita mbili hivi, kwa hiyo mshiko ukibadilika kila mara, shabaha nayo hubadilika.

Katika sehemu nyingi za vijijini hoja hizi zote huvunjwa na gobore. Baruti yake hukadiriwa kwa mkono, hivyo teke la leo silo la kesho, na bomba lisilotengenezwa kwa shinikizo hilo linaweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Kumiliki silaha isiyosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hata sheria isingekuwepo, hakuna nyama yenye thamani ya jicho.

Anayekwenda kununua, basi, aamue kwa mpangilio huu: mnyama gani kibali kinamruhusu, umbali gani atampigia, risasi ipi ndogo inayotosha kwa mnyama huyo kisheria na kiutu, na mwisho kabisa bunduki ina kilo ngapi. Akianza na kilo, atatembea kwa raha mchana kutwa na kukosea katika sekunde ile moja aliyoitembelea. Fedha atakayobakiza kwa kuacha risasi ya nguvu kubwa ainunulie risasi za mazoezi, kwa sababu mnyama wa Moyowosi ana haki ya kufa kwa risasi moja.