Dakika 20 za kata na beseni

Makurunge, kama kwingi wilayani Bagamoyo, moto wa kupikia hukaa chini: mafiga matatu uani au jiko la mkaa pembeni mwa baraza. Sufuria haina mpini, na ukingo wake uko usawa wa kifua cha mtoto anayejifunza kutembea. Ndiyo maana wadogo huungua zaidi kwa chai, uji na maji ya kuoga kuliko kwa moto wenyewe. Maji ya nyuzi 60 huchoma ngozi ya mtu mzima hadi ndani kwa sekunde tano hivi. Ya mtoto ni nyembamba, haistahimili hata hizo.

Nashikilia kwamba tiba yenye uzito mkubwa hufanyika nyumbani, kabla ya kuitwa bodaboda. Chai ikishamwagika, joto lake hubaki mwilini na kuendelea kuzama. Maji baridi ya kawaida yakimiminwa dakika 20 hulitoa, na bado husaidia hata saa tatu baada ya ajali. Kama hakuna bomba, mpakate mtoto juu ya beseni umwagie kwa kata polepole. Yaliyojaa beseni yachote tena, maadamu ni safi na hayajapata uvuguvugu. Vua mapema bangili, shanga na nguo iliyolowa, kabla uvimbe haujabana. Nguo iliyogandia jerahani iache. Mwili uliobaki ufunike, maana mtoto hupoa upesi. Barafu usiweke, huumiza nyama ambayo ingepona.

Manyoya ya sungura, dawa ya meno, ute wa yai: namwelewa bibi anayevikimbilia, kwani anataka kidonda kifunikwe. Lakini vitu hivyo huingiza vijidudu na kuficha kina cha jeraha, na muuguzi atalazimika kuvisugua vitoke juu ya nyama mbichi. Khanga safi, kavu, inatosha mpaka zahanati.

Hospitali ya Wilaya kazi huanza kwa mizani na kiganja. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake; wekundu usio na malengelenge hauhesabiwi. Sehemu iliyoungua ikizidi asilimia 10, maji ya mwili huvuja kiasi cha kuhitaji dripu. Kanuni inayotumika sana kwa watoto ni mililita 3 kwa kila kilo kwa kila asilimia. Mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15 atapewa 540 kwa saa 24, mbali na maji yake ya kawaida ya siku, na nusu yake, 270, iishe ndani ya saa nane za mwanzo. Hapa ndipo wengi hukosea: saa nane zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika. Safari ikila saa tatu, zimebaki tano, na dripu iende mililita 54 kwa saa. Kwa hiyo mama aulizwe saa ya ajali kabla ya jambo lingine. Walioungua vibaya zaidi hupewa rufaa kwenda Muhimbili, ambako ngozi hupandikizwa.

Kidonda kufunga si mwisho. Kovu la kiwiko au shingo huvuta kwa miezi, na mkono ulioachwa umekunjwa kwa sababu ndivyo mtoto anavyopata nafuu utabaki hivyo. Hufungwa gango ukiwa umenyooka, hasa usiku, na hunyooshwa kila siku hata akilia.

Kinga nayo ni ufundi. Sri Lanka, daktari wa upasuaji Wijaya Godakumbura alichoka kutibu walioungua kwa vibatari vya chupa, akabuni cha kioo kinene, kifupi, chenye pande mbili bapa ili kikianguka kisibingirike, na kifuniko cha skrubu kinachozuia mafuta kumwagika. Mwaka 1998 alipata Tuzo ya Rolex. Aligeuza umbo la chombo, hakungoja watu wageuze tabia. Kwetu cha kugeuza ni kimo cha moto: jiko la matofali na udongo linaloinuliwa hadi kiunoni, na ua mdogo wa fito kuzunguka mafiga pale jiko hilo lisipowezekana. Katika beseni la kuogea, maji baridi yatangulie, ya moto yafuate, ili mtoto akitumbukiza mkono mapema akutane na ya baridi.