Kaakaa Likipanuliwa, Tupime Nini Puani?

Mwaka 1860 daktari wa meno wa San Francisco, Emerson Angell, alimwekea msichana wa miaka 14 parafujo iliyovuka kaakaa. Katika wiki mbili nusu mbili za taya la juu zikaachana. Wenzake wengi hawakumwamini, na njia hiyo ilirudi kwa nguvu baada ya Andrew Haas kuchapisha kazi yake mwaka 1961. Siku hizi mzazi mwenyewe hugeuza parafujo kwa ufunguo mdogo: robo mzunguko, takriban robo milimita. Mwanya ukitokea kati ya meno ya mbele, mshono wa kaakaa umefunguka. Kifaa huachwa miezi kadhaa mfupa mpya ujae.

Kaakaa ndilo sakafu ya pua, hivyo pua nayo hutanuka. Hapa ndipo wengi huruka hatua na kusema kijana sasa atanusa vizuri. Mifupa huachana kwa umbo la pembetatu, sana chini, kidogo juu, na utando wa kunusa uko juu kabisa, karibu na usawa wa macho. Neva hazikuguswa. Kinachoweza kubadilika ni hewa: ikipita kwa wepesi, harufu zaidi hufika juu. Kama pua imezibwa na vinyama vya nyuma yake au na mzio, parafujo haiondoi vitu hivyo.

Sasa mpime kijana aliyepanuliwa kaakaa huko Chunyu, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Kalamu za harufu zilizobuniwa Ujerumani miaka ya 1990 zina harufu 16 za kutambua. Ndizi, karafuu, kahawa, kitunguu saumu na samaki atavitaja bila shida. Likorisi na anisi je? Akikosa, huenda amekosa jina tu, pua yake ikiwa nzima. Mtoto aliyekulia penye korosho na ufuta asihukumiwe kwa peremende za Ulaya.

Mimi ningeshika kipimo cha kizingiti: macho yamefungwa, kalamu tatu, moja tu ina harufu, nayo huanza hafifu, kisha huongezwa na kupunguzwa hatua kwa hatua hadi ijulikane iliyo hafifu kabisa anayoweza kuitofautisha. Hakihitaji jina lolote. Apimwe kabla na baada ya kupanuliwa, na wapimwe pia vijana wa rika lake wasiopanuliwa kaakaa, siku zilezile, maana uso wa balehe hukua wenyewe na kipimo cha pili huwa kimeshazoeleka. Kalamu hizo hazihitaji umeme. Zinaweza kupelekwa Ruangwa, familia isilazimike kuvuka Rufiji kwenda Dar es Salaam kwa kila kipimo.